Acheni Kumsingizia Mkulima

Makamanda, kuna wimbo mnaujua. Mvua zikichelewa, au zikinyesha zote ndani ya wiki mbili halafu zikakata, kiongozi anapanda jukwaani na kutueleza kwamba tatizo ni mkulima. Eti wakulima wetu ni wagumu kubadilika. Eti wanalima kwa mazoea. Eti elimu haijawafikia. Baada ya hapo inakuja semina: kofia, fulana, maji ya chupa, posho, picha ya pamoja. Mkulima anarudi kijijini na fulana iliyoandikwa "kilimo himilivu" mgongoni, anaivaa kupalilia shamba lile lile kwa jembe lile lile, na mwakani wanakuja tena kumwambia hajaelewa.

Mimi nasema ameelewa sana. Nasoma sheria, sikusomea kilimo, kwa hiyo wataalamu wa udongo mnivumilie. Lakini swali la nani anafanya nini kwenye ardhi, na kwa nini anafanya, linatuhusu sisi pia. Na ninachokiona ni hiki: karibu kila kitu tunachomwambia mkulima akifanye ili ahimili ukame kinalipa baada ya miaka, na karibu kila kitu serikali hii inachomtendea kinamfundisha asiitegemee miaka.

Hebu tuvitaje vyenyewe. Kuchimba makinga maji kwenye mteremko ni kazi ya mgongo, na msimu wa kwanza unaweza kuvuna pungufu kwa sababu umeugeuza udongo. Miti ya kurutubisha shamba inataka miaka kadhaa kabla hujaona faida ya majani yake. Samadi na mboji hazifufui udongo uliochoka kwa msimu mmoja. Ukiacha kulima shamba lote na kuyaacha mabua yafunike ardhi, mwanzoni magugu yanakutesa kuliko jana. Yote hiyo ni akiba: unaweka leo, unachukua baadaye. Sasa wewe ungeweka akiba yako benki ambayo meneja anaweza kuamka asubuhi akasema hela hii ni ya umma, tawi tunalihamisha? Usingeweka. Na hakuna mtu angekuita mgumu kuelewa.

Wanaodhani mkulima wa Tanzania hajui kutunza udongo hadi aletewe mradi, wapande basi waende Mbinga. Wamatengo wamelima kwenye miteremko mikali kwa ngoro kwa zaidi ya miaka mia moja. Wanaume wanafyeka majani na kuyapanga kama vyumba vya sega la nyuki, wanawake wanachimba katikati na kuyafunika kwa udongo, shamba zima linakuwa mashimo na kingo. Mvua ikinyesha, maji yanakaa shimoni badala ya kuondoka na udongo, na majani yale yanaoza kuwa mbolea chini ya mahindi na maharage. Hakuna aliyewapa posho. Walifanya hivyo kwa sababu mlima ulikuwa wao na wajukuu wao, na hawakuwa na pengine pa kwenda.

Sasa linganisha na Uluguru. Waingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1950, waliona milima ya Uluguru inamomonyoka wakaamua Waluguru wachimbe matuta ya ngazi. Kwa kitaalamu hoja haikuwa ya kijinga, udongo kweli ulikuwa unaondoka. Ila ilikuwa amri: siku za kazi zilizopangwa na adhabu kwa asiyefika. Na matuta yenyewe yalifukua udongo mbichi wa chini usio na rutuba, kwa hiyo mtu alitoa jasho akavuna kidogo kuliko jirani aliyekwepa. Mwaka 1955 watu wakakusanyika Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa. Mpango ukafa naye. Mkoloni aliandika kwenye taarifa zake kwamba wenyeji ni wagumu. Mnaona wimbo ulikotoka? Serikali yetu iliurithi pamoja na majengo ya boma.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Shinyanga, na nauleta hapa kwa sababu una mambo yote mawili, kuharibu na kuponya. Wasukuma walikuwa na ngitili: eneo linafungwa msimu wa mvua, majani na miti inaachwa iote, halafu kiangazi kikikaza ndipo ng'ombe wanaingia. Ni hifadhi ya malisho, kuni, dawa na chemchemi kwa pamoja. Kwanza misitu ikafyekwa kuua mbung'o na kupisha pamba. Halafu ikaja Operesheni Vijiji miaka ya 1970, watu wakahamishwa kutoka kwenye maboma yao, na ngitili ikabaki nyuma bila mwenyewe. Kitu kisicho na mwenyewe kinakatwa. Shinyanga ikawa karibu na jangwa.

Mwaka 1986 serikali ya Mwalimu Nyerere ilishaondoka madarakani na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ukaanza. (Ndiyo, mradi wa serikali. Sisi si watu wa kukataa kila kitu.) Wataalamu wa HASHI walianza na miche ya kigeni, kama kawaida ya wataalamu. Kilichofanya kazi baadaye ni kurudi kwenye ngitili: kaya zikafunga maeneo yao, vijiji vikafunga ya kwao, na ulinzi ukawa wa dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, pamoja na sungusungu. Ukiingiza ng'ombe wakati umefungwa, unatozwa na watu unaokula nao msibani. Ndani ya takriban miaka 15 zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kijani, na mwaka 2002 mradi ukapewa Tuzo ya Ikweta ya kimataifa. Watu ni wale wale walioambiwa hawasikii. Kilichobadilika ni kwamba eneo lilikuwa lao, kanuni zilikuwa zao, na majani ya Septemba yalikuwa yao.

Sasa twende kwenye sheria, na hapa naomba mkae vizuri.

Tuna sheria mbili zilizotungwa pamoja mwaka 1999: Sheria ya Ardhi, ambayo ni Sura ya 113, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114. Ya pili, kwenye kifungu cha 7, inapoeleza ardhi ya kijiji ni ipi, inatambua hata ardhi ambayo wanakijiji waliipumzisha. Safi kabisa, inaongea kama mtu aliyewahi kushika jembe. Lakini fungua ile ya kwanza, kifungu cha 2, kwenye tafsiri ya ardhi ya jumla. Inasema ni ardhi yote ya umma ambayo si ya hifadhi wala ya kijiji, halafu inaongeza kamkia: pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika.

Isiyotumika kwa macho ya nani? Ngitili mwezi wa Februari, imefungwa, hakuna ng'ombe, hakuna mahindi, inatumika au haitumiki? Shamba lililopumzishwa misimu mitatu ili lipate nguvu? Bonde lililoachwa ili chemchemi isikauke? Ofisa aliyekuja na gari na mwekezaji siti ya nyuma ataona pori. Mnamshauri mkulima apumzishe ardhi, mmeandika kwenye sheria maneno yanayoifanya ardhi iliyopumzika ionekane haina mtu. Ndiyo maana kuna wazee wanalima kipande kisichostahili kulimwa, kila mwaka, ili tu ionekane kuna mtu. Mtaalamu anapita anasema huyu mzee hana elimu. Huyo mzee ana elimu ya sheria kuliko huyo mtaalamu.

Kuna kingine. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinampa Rais uwezo wa kuhamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma, na manufaa ya umma yametafsiriwa hadi kuingiza uwekezaji wenye maslahi ya taifa. Fidia ipo kisheria, sikatai. Lakini angalia nani anaamua. Eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji unaweza kukubali au kukataa. Likizidi hapo, anayeamua ni Waziri, kijiji kinatoa maoni. Yaani wakitaka kipande kidogo wanakuuliza, wakitaka kikubwa wanakutaarifu. Nilipokisoma mara ya kwanza nilirudia nikidhani nimeruka mstari.

Msiseme haya ni ya vitabuni. Mbarali wapo wakulima wa mpunga wanaolisha nusu ya sahani za wali tunazokula mjini, ukipenda kuzidisha chumvi kidogo kama mimi. Mwaka 2008 likatoka Tangazo la Serikali namba 28 lililopanua Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hadi bonde la Usangu, na vijiji vikajikuta ramani imevipitia juu. Miaka ikaenda na mpaka usioeleweka. Oktoba 2022 serikali ikatangaza vijiji vitano na vitongoji kadhaa viondoke. Mwaka 2024 Benki ya Dunia ikasitisha kutoa fedha za mradi wa REGROW kwa sababu ya malalamiko ya wananchi wa huko huko. Mipaka imezungumzwa upya, sawa. Lakini mtu amelima zaidi ya miaka 14 bila kujua kama jaruba lake ni shamba au ni mbuga. Halafu unamfuata na kilimo shadidi cha mpunga, umwambie asawazishe jaruba vizuri, atengeneze mfereji, apande mche mmoja mmoja kwa nafasi ili aokoe maji. Maji ya Ruaha Mkuu tunayahitaji wote, yanazalisha umeme Mtera na Kidatu. Kwa hiyo tulihitaji kuliko yeye awe na uhakika. Tulimpa tangazo.

Na kuna wasio na hata hicho cha kunyang'anywa. Vijana wenzetu wengi wanalima kwa kukodi, ekari kwa msimu, makubaliano ya mdomo. Nani atapanda mti kwenye shamba la kukodi? Ukimwaga samadi mwaka huu, udongo ukapendeza, mwenye shamba mwakani anapandisha kodi au anamkodisha mwingine kwa bei ya udongo ulioutengeneza wewe. Ukitaka kijana wa namna hiyo arutubishe ardhi, andika mkataba wa miaka mitano na uwe na baraza la ardhi linalousikiliza kwa wakati. Semina haisaidii hapo.

Wanawake je? Hapa ndipo hasira yangu ilipo, niwe mkweli. Mikono inayopalilia nchi hii ni ya mama zetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya kule Mwanza aliamua kwenye kesi ya Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza shamba la ukoo alilorithi kama mwanaume anavyoweza. Kila mwanafunzi wa sheria anaikariri kesi hii. Lakini Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, lenye kanuni za urithi za kimila zinazomweka mjane nje ya urithi wa mumewe, halijafutwa, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ilituambia tulirekebishe baada ya wajane wawili wa Kitanzania kupeleka malalamiko. Mwanamke anayejua kwamba mume akifa shemeji anakuja kupima shamba kwa hatua, mnamtaka apande parachichi lianze kuzaa mwaka wa nne? Atapanda mchicha. Mchicha unaota wiki tatu, na mfukoni unakaa wewe mwenyewe unaona.

Ardhi si kila kitu, nalijua. Mtu anaweza kuwa na hati ya hakimiliki ya kimila kwenye sanduku na bado asibadilike, kwa sababu ya soko. Chukueni mbaazi. Kwa kilimo himilivu mbaazi ni zao la mfano: mizizi yake inakwenda chini sana, inavumilia ukame, inarudisha rutuba kwenye udongo, na ukiichanganya na mahindi hayaibiani sana kwa sababu yenyewe inachelewa kukua. Wakulima wa Babati, Lindi na Mtwara walilijua hilo. Hawakuhitaji fulana. Halafu Agosti 2017 India, mnunuzi wetu mkubwa, ikaweka kikomo cha kuingiza mbaazi, na bei vijijini ikaporomoka hadi kilo moja ikashindwa kununua soda. Shangazi yangu Babati aliziacha nyingine shambani, gharama ya kuvuna ilikuwa kubwa kuliko mbaazi zenyewe. Msimu uliofuata akalima mahindi matupu. Udongo wake ulitaka mbaazi, mfuko ulikataa. Nchi inayolitegemea soko la mnunuzi mmoja bila mpango wa pembeni haina haki ya kumshangaa shangazi yangu. Bei ilipanda tena miaka ya karibuni, na wakulima wakarudi. Wakarudi wenyewe, jamani! Hao ndio wagumu kubadilika?

Ushahidi mwingine tumepewa na serikali yenyewe. Mwaka 2022 ilipoanza ruzuku ya mbolea, wakulima walijiandikisha, wakatoa namba za simu na alama za vidole, wakapanga foleni usiku kwenye vituo vilivyokuwa mbali na vilivyoishiwa mifuko. Bei ilishuka wakaja. Hilo nawapongeza, bajeti ya Wizara ya Kilimo nayo imepanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi zaidi ya trilioni moja mwaka 2024/25. Lakini Maputo mwaka 2003 tuliahidi asilimia 10 ya bajeti ya taifa kwa kilimo, na hata ukijumlisha mifugo na uvuvi hufiki nusu yake. Na ruzuku imekwenda kwenye mfuko wa kiwandani. Anayetengeneza mboji, anayechimba makinga maji, anayelea visiki hai kama wanavyofanya Dodoma, huyo anapata makofi tu. Maafisa ugani wamepewa pikipiki, vizuri, ila wizara yenyewe ilikiri wako kama 6,700 wakati wanaohitajika ni zaidi ya 20,000. Pikipiki haimfanyi mtu mmoja awe watatu.

Sasa mtaniuliza, dada, hii ni siasa au ni kilimo? Mabua yatajibu. Wanasema acha mabua shambani yafunike udongo. Lakini sehemu nyingi za kanda ya kati na ziwa, mavuno yakiisha shamba ni la ng'ombe wa wote. Peke yako huwezi kuzuia, utakosana na kijiji kizima. Kinachoweza kuzuia ni sheria ndogo ya kijiji, iliyojadiliwa na wakulima na wafugaji wote, wakakubaliana eneo gani linafungwa, lini, na ng'ombe waende wapi. Ni dagashida kwa jina la kiserikali. Na sheria ndogo inaanzia kwenye halmashauri ya kijiji. Na halmashauri ya kijiji inachaguliwa. Mnakumbuka Novemba 2024? Wagombea wetu walienguliwa kwa kukosea kujaza fomu, na chama tawala kikatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 98 ya viti vya uenyekiti wa vijiji. Mwenyekiti wa namna hiyo anamwogopa nani? Siyo mwenye mabua. Anamwogopa aliyempitisha, na aliyempitisha ndiye anakuja na gari na mwekezaji siti ya nyuma.

Kwa hiyo nina neno na sisi wenyewe pia. Tunajua kupiga kelele za katiba mpya na tume huru, na tuendelee. Lakini nusu yetu tuna wazazi vijijini na hatujui hata mipaka ya kijiji chetu imesajiliwa au la. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinasema halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini, haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, na inatakiwa iupe mkutano taarifa ya usimamizi wa ardhi hiyo. Mkutano mkuu ni kila mwanakijiji mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, awe na kadi ya chama chochote au hana. Hakuna fomu ya kuenguliwa hapo.

Likizo hii ukienda nyumbani, nenda mkutanoni. Omba cheti cha ardhi ya kijiji ukione kwa macho. Omba kumbukumbu za mkutano uliopitisha kugawa kipande chochote kilichogawiwa. Uliza mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji upo, na maeneo ya kupumzisha na ya malisho yameandikwa kwa majina humo, ili kesho mtu asije akayaita pori. Mpeleke na mama yako, jina lake liulizwe kwenye rejista ya ardhi. Wakikwambia rejista iko wilayani, uliza nani aliipeleka, lini, na kwa idhini ya mkutano upi.